Ukuta Kati ya Mama na Mtoto

Wenzetu wauguzi wa wodi za watoto wachanga wanaijua sauti hii: kilio chembamba, kikali, kisichotulizwa kwa ziwa wala kwa kubembelezwa. Mtoto hutetemeka, hupiga chafya mfululizo, huharisha, na usingizi humkataa. Mama yake alikuwa akitumia unga, au vidonge vya maumivu vya jamii ya kasumba, au hata methadoni aliyopewa na daktari kwa matibabu. Kitovu kikishakatwa, dawa imekatika. Mtoto anapata arosto hata juma halijaisha tangu azaliwe.

Tunataka kulieleza jambo hili kwa upande ambao sisi wafanyakazi hatuulizwi: jengo lenyewe.

Kwa miaka mingi huko Marekani mtoto wa namna hiyo alipelekwa katika chumba cha watoto wachanga mahututi. Mara nyingi ni ukumbi mpana, vitanda vimepangwa safu, taa zinawaka, mashine zinalia. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mashine hizo ni uhai. Kwa huyu wa arosto, ambaye mwanga na kishindo humsumbua, ukumbi ule ni adhabu. Tena mama hana kitanda humo. Hukaa kitini, na akisharuhusiwa kwenda nyumbani huja kumwona mwanawe kama mgeni. Kila baada ya saa chache muuguzi humpima mtoto kwa jedwali la Loretta Finnegan la mwaka 1975: alama kwa chafya, alama kwa miayo, alama kwa kilio. Alama zikizidi, mofini. Sasa nani atatenga kilio kinachotokana na dawa na kile kinachotokana na chumba?

Hospitali ya watoto ya Yale, mjini New Haven, ilijaribu njia nyingine. Watoto waliondolewa ukumbini wakalazwa pamoja na mama zao katika vyumba vya wodi ya kawaida, taa zikapunguzwa, na kifua cha mama kikawa dawa ya kwanza. Wauguzi wakauliza mambo matatu tu: anakula? analala walau saa moja? akilia, hutulia ndani ya dakika 10? Kati ya mwaka 2008 na 2016 wastani wa kulazwa ulishuka kutoka siku 22.4 hadi 5.9, na waliopewa mofini kutoka asilimia 98 hadi 14. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya hospitali 26 za Marekani, watoto 1,305: kwa maswali hayo matatu mtoto alikuwa tayari kuruhusiwa baada ya siku 8.2, badala ya 14.9.

Hayo ni mazuri, lakini chumba hakimbebi mtoto. Mama mwingine ana watoto nyumbani. Mwingine lazima arudi kazini, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inatoa majuma 12 ya likizo bila mshahara, wala si kwa kila mfanyakazi. Mama asipokuwapo, mikono iliyobaki ni ya muuguzi. Ukumbini aliona vitanda vyote kwa kutupa jicho. Milango ikifungwa, hana budi kutembea usiku kucha. Uongozi ukijenga vyumba bila kuongeza watu, kilio kimehamishwa tu nyuma ya mlango.

Kwetu mama kulala na mwanawe ni desturi, ingawa (tuseme kweli) mara nyingine ni kwa sababu vitanda havitoshi. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011. Kenya na Uganda zikafuata. Wako akina mama wanaojifungua wakiwa katika tiba hiyo, nao wasitazamwe kama wahalifu. Wodi mpya zinapopangwa, matawi yetu ya hospitali yadai kuiona ramani kabla msingi haujachimbwa: kitanda cha mama kiko wapi, muuguzi mmoja atahudumia vyumba vingapi zamu ya usiku, na je, kila chumba kina swichi yake ya taa, au ni moja tu kwa wodi nzima?