Kinga Kiganjani: Bidhaa Inayotafuta Mnunuzi

Katika biashara zote zilizozaliwa na simu ya mkononi, sidhani kama ipo iliyosifiwa mapema na kulipwa kwa taabu kama hii ya kuwakinga watu na maradhi ya moyo na kisukari. Kwani mtu anayeumwa na jino yu radhi kuuza mbuzi usiku ule ule ili aling'oe, ilhali yule ambaye sukari yake inapanda polepole bila ya kumwonyesha dalili yoyote, ukimwomba shilingi mia kwa ajili ya nasaha, atakutazama kama mchuuzi wa barafu siku ya mvua ya masika.

Kwamba bidhaa yenyewe ni njema, hapana shaka. Kusini mwa India wataalamu waliwachukua wanaume 537 ambao sukari yao ilikuwa imekwisha kupanda lakini haijafikia daraja ya ugonjwa, wakawagawa mafungu mawili, na moja likawa linapelekewa arafa za kuwahimiza kula kwa kiasi na kuushughulisha mwili. Na habari iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kuwa baada ya miaka miwili kisukari kiliwapata watu 18 katika kila 100 wa fungu hilo, na 27 katika kila 100 wa lile jingine. Mjini Sydney nako wagonjwa 710 wa moyo waliingizwa katika jaribio la namna hiyo, arafa nne kwa juma kwa miezi sita, na waliozipokea wakashuka mafuta mabaya ya damuni na presha, na wavutaji sigara miongoni mwao wakawa wachache kuliko wenzao. Hapakuhitajika simu ya fahari: arafa husomeka hata katika kitochi.

Fedha zitoke wapi, basi? Wamarekani walijibu kwamba waajiri ndio walipe. Kampuni ya Livongo ilimpa mwenye kisukari mashine ya kupimia damu inayopeleka hesabu zake yenyewe kwa mtandao wa simu, pamoja na vijiti vya kupimia visivyo na ukomo, na ankara ikaenda kwa mwajiri, ambaye maradhi ya mfanyakazi wake humtoka mfukoni. Rai hiyo ilikuwa na akili; bei ndiyo iliyopoteza akili. Mwaka 2020 kampuni ya Teladoc ilitangaza kuinunua Livongo kwa takriban dola bilioni 18.5, na kwa mwaka 2022 ikaandika hasara ya dola bilioni 13.7, sehemu kubwa yake ikiwa ni kufuta vitabuni thamani ambayo haikuwapo.

Rwanda ilishika njia nyingine: huduma ya Babyl, ya kuonana na tabibu kwa simu, iliunganishwa na bima ya afya ya jamii, na walioandikishwa wakapita milioni mbili, lakini kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka mwaka 2023, huduma nayo ikafungwa, wala si kwa sababu Wanyarwanda waliacha kupiga simu. Kenya ina M-Tiba tangu 2016, mkoba wa simuni ambao fedha zake hazitumiki ila kwa matibabu. Ni jambo la busara, walakini jina lake lasema kweli: ni mkoba wa tiba.

Kwa maoni yangu mnunuzi wa haki wa kinga ni mfuko wa bima, kwa kuwa ndio utakaolipia kusafisha figo na kukata miguu miaka kumi baadaye. Na Tanzania, iliyopitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, ina nafasi ya kuanza hesabu hiyo mapema. Ila isidhaniwe kuwa arafa peke yake yatosha. Arafa humwambia mtu apime, na hapo ndipo gharama ilipojificha, maana mashine huuzwa rahisi, na vijiti, ambavyo aghalabu havikubali mashine ya kampuni nyingine, hununuliwa daima dumu, mfano wa muuza taa anayekupa taa bure ili akuuzie mafuta. Watakaoketi kuandika mikataba ya mfuko huo, tafadhalini, nunueni arafa kwa jumla, na vijiti viwemo katika ankara hiyo hiyo.