Michezo ya video: Nani hunufaika kampuni zinapohodhi michezo yake?

Mnamo Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa tangazo ambalo miaka 20 iliyotangulia lingechukuliwa kuwa mzaha. Ilisema kwamba Halo, mchezo wa video ulioujengea mtambo wake wa Xbox jina tangu mwaka wa 2001, ungeundwa upya na kutolewa mwaka wa 2026. Safari hii haungekuwa wa wenye Xbox na kompyuta pekee, bali pia wa wenye PlayStation 5, mtambo wa hasimu wake mkuu, Sony ya Japani.

Kwa wapenzi wa michezo hii, jambo hilo lilikuwa sawa na Gor Mahia kuwaazima AFC Leopards mfungaji wao bora. Kwa zaidi ya miongo miwili, aliyetamani kuucheza Halo sebuleni mwake mbele ya runinga hakuwa na budi kununua Xbox.

Tangazo hilo lilifufua swali la tangu jadi. Je, ni sawa kwa kampuni zinazounda mitambo ya michezo ya video kuhodhi michezo, ili anayeutaka mchezo fulani alazimike kununua mtambo fulani?

Kabla ya kulijibu, ni muhimu kuelewa jinsi biashara hii inavyoendeshwa.

Mchezo ndio chambo

Mtambo wa kuchezea michezo ya video kimsingi ni kompyuta inayounganishwa na runinga. Tofauti yake na kompyuta ya kawaida ni kwamba kampuni iliyouunda ndiyo inayoamua ni michezo ipi itakayokubaliwa humo.

Ajabu ni kwamba mtambo wenyewe mara nyingi hauna faida kubwa. Mnamo Mei 2021, katika kesi baina ya kampuni za Epic Games na Apple nchini Marekani, afisa wa Microsoft, Lori Wright, aliiambia mahakama kuwa kampuni yake haikuwa imewahi kupata faida kutokana na uuzaji wa mitambo ya Xbox.

Pesa hutoka kwa michezo. Kila mchezo wa kampuni nyingine unapouzwa katika duka la mtandaoni la mtambo huo, mwenye mtambo kwa kawaida hukata asilimia 30 ya bei. Mchezo wa Dola 70 humwachia Dola 21 bila yeye kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Hivyo basi, mteja akishaununua mtambo, huwa ng'ombe wa maziwa kwa miaka mingi. Na chambo cha kumvuta mteja huyo ni mchezo asioweza kuupata kwingine.

Nguvu ya chambo hicho ilidhihirika Machi 2017, Nintendo ilipoanza kuuza mtambo wa Switch. Mwezi huo nchini Marekani iliuza mitambo zaidi ya 906,000 na nakala zaidi ya 925,000 za mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild kwa mtambo huo. Nakala za mchezo mmoja zilikuwa nyingi kuliko mitambo ya kuuchezea.

Chanzo cha desturi hii

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni nyingi zilijitosa kuunda michezo kwa ajili ya mtambo wa Atari bila idhini ya mwenye mtambo. Soko la Marekani lilifurika michezo hafifu, wateja wakakata tamaa, na mnamo 1983 biashara hiyo ikaporomoka.

Nintendo ya Japani ilipoingia katika soko hilo mwaka wa 1985, ilikuwa imejifunza kutokana na masaibu hayo. Iliweka ndani ya mtambo wake chipu iliyokataa kaseti yoyote isiyokuwa na idhini yake. Kampuni zilizopewa leseni ziliruhusiwa kutoa michezo mitano pekee kwa mwaka, na zilipigwa marufuku kuuza mchezo uo huo kwa mtambo wa mpinzani kwa miaka miwili.

Masharti hayo yalilegezwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Nintendo ilipokuwa ikichunguzwa Marekani kuhusu ushindani wa kibiashara. Hata hivyo, kampuni zote zilikuwa zimeshaelewa kuwa anayemiliki mchezo unaopendwa humiliki pia mlango wa soko.

Sony ilidhihirisha hilo mwaka wa 1997. Final Fantasy, ambao matoleo yake makuu yaliyotangulia yalitoka kwanza kwa mitambo ya Nintendo, ulihamia PlayStation katika toleo lake la saba. Nintendo ilikuwa imeshikilia kaseti, ilhali diski za Sony zilibeba data nyingi zaidi kwa gharama ya chini. Mashabiki wengi waliufuata mchezo wao.

Mchezo ambao haungezaliwa

Wanaotetea desturi ya kuhodhi wana hoja nzito, na ya kwanza ni gharama.

Nyaraka zilizowasilishwa katika mahakama ya Marekani mwaka wa 2023 zilifichua kwamba Sony ilitumia takriban Dola 220 milioni kuunda The Last of Us Part II, na Dola 212 milioni kuunda Horizon Forbidden West. Kwa viwango vya ubadilishanaji vya mwaka wa 2025, kila mmoja uligharimu zaidi ya Sh27 bilioni.

Mwekezaji anayetegemea mauzo ya nakala pekee huenda akaogopa kuhatarisha fedha kiasi hicho. Mwenye mtambo huona mambo kwa jicho tofauti. Hata mchezo usipoleta faida kubwa wenyewe, utamletea wateja watakaonunua michezo mingine kwake kwa miaka kadhaa.

Mfano bora ni Bayonetta 2. Mchezo wa kwanza ulichezwa kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Ilipotangazwa mwaka wa 2012 kwamba wa pili ungekuwa wa Wii U ya Nintendo pekee, mashabiki wengi walighadhabika. Walioghadhabika walisahau jambo moja: ni Nintendo iliyokubali kuugharimia. Bila fedha zake mchezo huo haungekamilika, na hakuna ambaye angeucheza mwaka wa 2014 ulipotolewa.

Hoja ya pili ni ya kiufundi. Waundaji wanaoshughulikia mtambo mmoja huufahamu ndani nje, na hawalazimiki kuupunguzia mchezo wao uwezo ili utoshe katika mitambo mingine iliyo dhaifu.

Kulipa ili wengine wakose

Hoja hizo, hata hivyo, hazitoshi kutetea kila aina ya mkataba. Kuna tofauti kubwa baina ya kugharimia mchezo ambao haungekuwepo, na kulipa ili mchezo uliokuwa tayari njiani usiwafikie wengine.

Mchezo wa Tomb Raider wa mwaka wa 2013 ulipatikana kwa Xbox na PlayStation. Uliofuata, Rise of the Tomb Raider, ulitolewa Novemba 2015 kwa mitambo ya Xbox pekee kufuatia makubaliano baina ya Microsoft na kampuni ya Square Enix. Wenye PlayStation 4 waliusubiri hadi Oktoba 2016.

Njia nyingine ni kuinunua kampuni nzima. Mnamo 2021, Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, inayomiliki Bethesda, kwa Dola 7.5 bilioni. Kwa miaka mingi Bethesda ilikuwa ikiwauzia wenye PlayStation michezo yake, ukiwemo Skyrim wa mwaka wa 2011. Mchezo wake mpya, Starfield, ulipotolewa Septemba 2023, wateja hao walifungiwa nje.

Ndiyo maana Microsoft ilipotangaza Januari 2022 kwamba ingeinunua Activision Blizzard kwa Dola 68.7 bilioni, Sony ilihofu kuupoteza mchezo wa Call of Duty. Tume ya Biashara ya Marekani ilienda mahakamani kuuzuia mpango huo, na wadhibiti wa Uingereza nao wakaupinga.

Katika kesi hiyo, Juni 2023, mkurugenzi mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alieleza kwamba iwapo uamuzi ungekuwa wake, angeiondoa kabisa desturi ya kuhodhi michezo. Alidai kuwa ni Sony, iliyo kubwa zaidi sokoni, iliyoifanya desturi hiyo kuwa msingi wa ushindani. Mwezi uliofuata Microsoft iliafikiana na Sony kwamba Call of Duty ingeendelea kupatikana kwa PlayStation kwa miaka 10, na Oktoba mwaka huo ununuzi ukakamilika.

Mzigo kwa mteja

Fahali hao wanapopigana, anayeumia ni mteja mwenye uwezo wa kununua mtambo mmoja tu.

PlayStation 5 na Xbox Series X zilipoingia sokoni Novemba 2020, kila moja iliuzwa Dola 499 nchini Marekani. Switch nayo ilikuwa Dola 299. Aliyetaka kucheza michezo yote iliyohodhiwa alihitaji karibu Dola 1,300, sawa na takriban Sh140,000 wakati huo, kabla ya ushuru, usafirishaji na bei ya michezo yenyewe.

Kwa familia nyingi, humu nchini na hata kule Marekani, hilo haliwezekani. Mteja huchagua mtambo mmoja, kisha hutazama michezo mingine kwa mbali.

Hata mlango unapofunguliwa, si kila mtu hupita. Februari 2024, Sony ilitoa mchezo wa Helldivers 2 kwa PlayStation 5 na kompyuta kwa wakati mmoja, na katika majuma 12 ukauza nakala milioni 12. Lakini Mei mwaka huo ilitangaza kuwa wanaoucheza kwa kompyuta wangelazimika kuwa na akaunti ya mtandao wa PlayStation.

Tatizo ni kwamba mtandao huo haukuwa ukitolewa rasmi katika mataifa zaidi ya 170, Kenya ikiwa miongoni mwayo. Mchezo huo uliondolewa katika duka la mtandaoni la Steam kwa wateja wa mataifa hayo. Malalamiko yalienea, na baada ya siku chache Sony ikaliondoa sharti hilo.

Aidha, kuna hatari ya michezo kutoweka. Machi 2023, Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mitambo yake ya Wii U na 3DS. Mwaka uo huo, utafiti wa shirika la Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haikuwa ikiuzwa tena. Mchezo uliofungiwa katika mtambo mmoja huwa hatarini kuzikwa pamoja na mtambo huo.

Mlango wafunguliwa polepole

Ishara za mabadiliko zipo. Horizon Zero Dawn, uliotolewa kwa PlayStation 4 mwaka wa 2017, ulifika kwa kompyuta mwaka wa 2020. God of War wa mwaka wa 2018 ulifuata mkondo huo mwaka wa 2022. Februari 2024 Microsoft ilitangaza michezo minne ambayo ingeiuza kwa mitambo ya wapinzani, ukiwemo Sea of Thieves, na Aprili 2025 Forza Horizon 5 ukafika PlayStation 5. Agosti 2025, Helldivers 2 wa Sony nao ukafika Xbox.

Sababu ni ile ile iliyotumika kutetea kuhodhi, yaani gharama. Mchezo wa zaidi ya Dola 200 milioni huhitaji wateja wengi mno kurejesha fedha hizo, na mtambo mmoja huenda usiwe nao wa kutosha.

Nintendo pekee ndiyo iliyoshikilia msimamo wa zamani. Ilipozindua Switch 2 Juni 2025, michezo yake mikubwa ilibaki kwa mitambo yake, na mauzo ya Switch ya kwanza, yaliyokuwa yamepita milioni 150, yanaonyesha kuwa bado haijapata sababu ya kubadilika. Mitambo na michezo yake hubuniwa kwa pamoja.

Kwa upande mwingine, Sega ilipoacha kuunda mitambo mwaka wa 2001 na kuanza kuwauzia wapinzani michezo yake, wengi walidhani imekufa. Badala yake, Sonic wake aliendelea kuishi, na mwaka wa 2007 akashiriki mchezo mmoja na Mario wa Nintendo, aliyekuwa adui yake.

Jibu la swali, basi, hutegemea ni nani aliyelipa na alilipia nini. Kampuni iliyogharimia mchezo tangu mwanzo ina haki ya kuvuna kwanza, kama mkulima aliyelilima shamba lake. Lakini baada ya miaka miwili au mitatu, mavuno yakishaingia ghalani, kuufungua mlango humfaa mteja, humwongezea mwenye mchezo mapato, na huuokoa mchezo wenyewe usisahaulike.

Kulipa ili jirani akose ni jambo jingine kabisa. Fedha hizo haziongezi mchezo hata mmoja duniani, na anayezirejesha hatimaye ni mnunuzi. Wachezaji wanaoshangilia kampuni waipendayo inapowanyima wenzao mchezo wafaa kukumbuka kuwa kesho zamu huwa yao. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtambo ulio bora hauhitaji kufuli ili upate wa kuununua.