Mgonjwa Anapokataa Dawa Jeneriki: Ridhaa, Gharama na Wajibu wa Mfamasia

Dawa jeneriki ina kiambato tendaji, kipimo na njia ya matumizi sawa na dawa ya kampuni iliyoivumbua. Kabla ya kuiidhinisha, mamlaka za udhibiti hudai uthibitisho kwamba kiwango chake katika damu hakitofautiani na kile cha dawa ya awali kupita mipaka iliyowekwa, kwa kawaida asilimia 80 hadi 125. Mipaka hiyo ni mikali kuliko inavyoonekana, kwani kadirio lote la kitakwimu, na si wastani pekee, sharti liangukie ndani yake.

Hata hivyo, mgonjwa anayeikataa hakatai kwa ujinga tu. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia ilifasili ubandia kwa upana uliozigusa hata dawa jeneriki halali. Mnamo Aprili 2012, katika shauri lililofunguliwa na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, Mahakama Kuu iliamua kwamba fasili hiyo ilitishia haki zao za uhai, utu na afya. Ikiwa sheria yenyewe ilichanganya jeneriki na bandia, ni vigumu kumlaumu mgonjwa aliyesimama dirishani pa dawa.

Mfamasia anayeheshimu uamuzi wa mgonjwa huyo humuuzia dawa ghali, pengine akijua kwamba mwezi ujao hataimudu. Na dawa ya shinikizo la damu isiyomezwa haimtibu mtu. Tena, faida ya dawa ghali huweza kuwa kubwa zaidi, hivyo kauli ya kuheshimu chaguo la mteja yaweza kuficha biashara. Kumbadilishia kimyakimya nako ni udanganyifu: akiona tembe za rangi nyingine, huenda akaacha tiba kabisa.

Hali ya fenitoini ni tofauti. Badiliko dogo la kiwango chake katika damu laweza kurudisha kifafa au kuleta sumu, kwa hiyo mgonjwa aliyetulia kwa miaka mingi ana hoja ya kitabibu anapokataa kubadilishiwa. Kwa maoni ya mwandishi, bima ya pamoja inapaswa kulipia tofauti ya bei katika hali kama hiyo. Anayekataa kwa hofu tupu anastahili kwanza maelezo ya subira. Akishikilia msimamo wake, ailipie tofauti hiyo mwenyewe, ingawa kanuni hii humwachia tajiri hofu yake na kumnyima maskini ya kwake.