Faili yako kazini ina nini, na nani huisoma?

Mtumishi wa serikali anapoaga dunia, kitu ambacho jamaa zake huanza kukitafuta mara tu matanga yanapoanuliwa ni faili. Mjane huamka alfajiri, akapanda matatu hadi Nairobi na bahasha yake ya kaki mkononi. Akifika dirishani huambiwa kwamba jina la mumewe katika cheti cha kifo si lile lililo katika barua ya kuajiriwa. Hurudi nyumbani, akatafuta hati ya kiapo, akaja tena. Safari hii huelezwa kwamba fomu ya jamaa wa karibu ilijazwa mwaka wa 1991, marehemu akiwa bado kapera, na jina lililoandikwa humo ni la mamake, ambaye naye alifariki zamani.

Kisa kama hiki si cha mtu mmoja. Uliza katika familia yoyote iliyowahi kufuatilia malipo ya mwalimu, muuguzi au polisi aliyefariki na utasimuliwa kingine kinachofanana nacho. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, lakini mwenyewe hakuwahi kulifungua.

Je, mpendwa msomaji, wewe unayefanya kazi serikalini, au wewe mwanafunzi ambaye karo yako hutoka kwa mshahara wa mzazi aliye mtumishi wa umma, umewahi kujiuliza faili hiyo ina nini?

Huanza siku ya kwanza ya kazi. Ndani yake huwekwa barua ya kuajiriwa, nakala ya kitambulisho, vyeti vya shule na chuo, ripoti ya daktari aliyempima mwajiriwa na karatasi aliyotia sahihi kuahidi kutunza siri za serikali. Kadiri miaka inavyosonga huongezwa barua za uhamisho, likizo, kupandishwa cheo na maonyo. Kisha huja mambo ya nyumbani: cheti cha ndoa, majina ya watoto, nambari ya akaunti ya benki, makato ya mkopo wa chama cha ushirika. Aidha, sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilileta fomu za kutangaza mali, ambamo afisa alitakiwa kueleza si mali na madeni yake pekee bali pia ya mkewe au mumewe na ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 18. Kwa hivyo faili inayoitwa ya mtu mmoja kwa hakika ni ya nyumba nzima.

Faili hizi hutunzwa katika masjala. Kwa kawaida mtumishi huwa na faili mbili. Moja ni ya wazi, ambayo makarani wa masjala huishughulikia kila siku. Nyingine ni ya siri, na hufungiwa mahali pengine chini ya maafisa wachache, kwa sababu ndiyo yenye mambo ya nidhamu na ripoti za wakubwa. Kila karatasi inayoingia hupewa nambari, ili mtu akiichomoa pengo lionekane. Faili ikitoka masjala yafaa iandikwe imechukuliwa na nani na lini. Huo ndio utaratibu, na ukifuatwa ni utaratibu mzuri. Matatizo huanza pale faili inapolala juu ya meza ya afisa kwa wiki tatu, tarishi haulizi, karani haulizi, na siku mwenyewe anapoitaka anajibiwa kwa neno moja ambalo kila Mkenya amelisikia: "Haionekani."

Usidhani kwamba ni sisi tu tunaolemewa na karatasi. Nchini Marekani, karatasi za watumishi wa serikali kuu waliostaafu zilikuwa zikipelekwa Boyers, jimbo la Pennsylvania, ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa, kiasi cha mita 70 chini ya ardhi. Mwaka wa 2014 gazeti la Washington Post liliwaonyesha wasomaji wake mamia ya wafanyakazi waliokuwa wakipitisha faili kwa mkono kutoka pango hadi pango.

Hapa kwetu, faili ya mtumishi wa serikali anayestaafu huishia Idara ya Pensheni ya Wizara ya Fedha, katika jumba la Bima House jijini Nairobi. Idara hiyo haikujui kwa sura. Hukujua kwa karatasi zilizotumwa na wizara yako, na hapo mambo mawili huwatesa watu zaidi ya mengine yote, nayo ni jina na tarehe ya kuzaliwa.

Jina ni rahisi kueleza. Mtu aliajiriwa kwa jina la ubatizo na la babake, akachukua kitambulisho kipya kilichoongeza jina la ukoo, naye karani wa benki akaandika herufi moja kombo. Mwanamke akaolewa akabadili jina kazini lakini si katika vyeti vya shule. Kila karatasi ni ya kweli, ila zikiwekwa pamoja zinaonekana ni za watu watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo kwa tofauti ndogo, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kuipata ukiwa na afya na mshahara si kazi kubwa. Kuipatia mtu aliyekwisha kuzikwa ni kazi nyingine kabisa.

Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi. Wazee wengi walizaliwa nyumbani, bila cheti, na umri wao ukakadiriwa na chifu kwa kukumbuka mwaka wa njaa au wa nzige. Umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka wa 2009, na wakati huo wengine waligundua ghafla kwamba wangependa kuwa wamezaliwa baadaye kidogo. Serikali hailegei hapo. Tarehe uliyoiandika ulipoajiriwa mara ya kwanza kwa kawaida ndiyo inayoshikiliwa, hata kama kitambulisho ulichochukua baadaye kinasema vingine. Kama tarehe yako ina kasoro ya kweli, ya kulalamikia ni sasa, si miezi mitatu kabla ya kustaafu, kwani wakati huo hakuna atakayeamini kwamba nia yako ni safi.

Hebu tuwe waadilifu pia kwa upande wa mwajiri. Serikali ina sababu ya kutaka kujua watu wake ni akina nani. Mnamo Septemba 2014 ilianza kuwasajili watumishi kwa alama za vidole, ili kuwanasa wafanyakazi hewa waliokuwa wakilipwa mishahara bila kuwapo. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake ulikuwa umefichua vyeti 2,067 vya kughushi. Kila mmoja wa waliovitumia alikuwa amekalia kiti ambacho kijana fulani mwenye cheti halali alikikosa. Faili iliyotunzwa vizuri ndiyo iliyowaumbua.

Lakini faili hiyo hiyo, ikiwa mikononi mwa watu wasiofaa, huwa balaa. Watumishi wengi watakuambia jinsi wanavyopigiwa simu na wauzaji wa mikopo wasiowajua, wanaotaja jina, kituo cha kazi, hata kiasi cha mshahara kinachobaki baada ya makato. Habari hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Pengine zilitoka kwa mtu wa ndani. Pengine, na hili twalifanya wenyewe, zilitoka kwa yule kijana wa saiba uliyempa neno lako la siri akutolee hati ya mshahara, akaiacha kwenye kompyuta ambayo watu 50 huikalia kwa siku. Hati ya mshahara si risiti ya sukari. Ina nambari yako ya kazi, ya kitambulisho na ya ushuru, na mikopo yako yote. Ukimpa shailoki hati hiyo pamoja na kadi ya benki, umempa ufunguo wa nyumba.

Zipo pia karatasi zinazotupwa. Ni nani ambaye hajawahi kununua njugu karanga mtaani zikiwa zimefungwa kwa karatasi ya afisi, yenye majina na nambari za watu? Kwa mujibu wa sheria ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, iliyopitishwa mwaka wa 1965, rekodi za serikali haziteketezwi wala kutupwa bila idhini ya mkurugenzi wa hifadhi hiyo, ambayo makao yake ni lile jumba la zamani la benki kwenye barabara ya Moi Avenue, ambapo wakazi wa jiji hupeana miadi ya kukutana.

Jambo linaloumiza zaidi ni maradhi. Mfanyakazi hupeleka barua ya daktari ili apewe ruhusa, na kabla ya jua kutua chumba cha walimu chote kinajua anaumwa nini. Kuhusu Ukimwi, sheria ya mwaka wa 2006 ilipiga marufuku kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi, na kutangaza matokeo yake bila idhini. Hata hivyo mnong'ono hauhitaji fomu. Mkubwa wa kazi anayeacha barua kama hiyo juu ya meza, mlango ukiwa wazi, hana haki ya kujitetea kwamba hakumwambia mtu.

Wapo wanaosema kompyuta itamaliza haya yote. Kwa kweli imesaidia, kwani faili ya kompyuta hailiwi na mchwa. Ila mwizi wa karatasi hubeba faili moja kwapani, ilhali mwizi wa kompyuta huzibeba zote. Wamarekani walilijua hili mwaka wa 2015, ilipotangazwa kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika mitambo ya afisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu na kuchukua maelezo ya watu 21.5 milioni. Nyingi zilikuwa fomu za uchunguzi ambamo waombaji kazi walieleza madeni yao, matibabu yao na jamaa zao walio ng'ambo. Watu 1.8 milioni kati ya hao hawakuwa wameomba kazi yoyote. Wengi wao walikuwa wake, waume na wenzi wa walioomba. Mkurugenzi wa afisi hiyo, Katherine Archuleta, alijiuzulu Julai mwaka huo. Alama za vidole za watu 5.6 milioni ziliibwa pia, na hapo ndipo penye uchungu. Neno la siri likiibwa utalibadilisha leo jioni. Kidole hutabadilisha.

Sasa turudi kwa faili yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha, na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali na kutaka habari za uongo zinazokuhusu zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 iliingia ndani zaidi. Imetaja hali ya afya, mali, ndoa, majina ya watoto na alama za vidole kuwa habari nyeti. Inamtaka anayezitunza akueleze anazichukua kwa nini, na asizitumie kwa shughuli nyingine. Zikivuja kwa njia inayoweza kukudhuru, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, na sharti akujulishe wewe pia. Serikali haikuachwa nje ya sheria hiyo, isipokuwa katika mambo machache kama vile usalama wa taifa.

Kwa lugha nyepesi, waweza kuomba kuona kilichoandikwa juu yako. Andika barua kwa afisa anayesimamia wafanyakazi katika idara yako, ukitaja nambari yako ya kazi. Uliza mambo yafuatayo bila haya: jina langu limeandikwaje, tarehe yangu ya kuzaliwa ni ipi, jamaa wangu wa karibu ni nani, barua yangu ya kuthibitishwa kazini imo au haimo. Kanuni za 2021 zinataka ombi la kuona habari zako lijibiwe katika siku 7, bila malipo, na ombi la kurekebisha makosa lishughulikiwe katika siku 14. Huenda afisa akakutazama kana kwamba umemtukana. Mvumilie, kwani hajazoea kuulizwa.

Ukiwa na mume au mke, mkae naye jioni moja na orodha hiyo. Najua nyumba ambamo mazungumzo ya namna hii huzua ugomvi, hasa pale ambapo fomu ina jina ambalo mwenye nyumba hangependa lisomwe kwa sauti. Ni heri ugomvi huo utokee mezani kuliko siku ya mazishi, jeneza likiwa kati ya familia mbili.

Wewe mwanafunzi unayetafuta kazi, usisambaze nakala za kitambulisho na vyeti kila dirisha linapofunguliwa. Unapotoa nakala, andika juu yake kwa kalamu jina la afisi unayoipelekea na tarehe, ili isitumike kwingine.

Ukikataliwa kuona faili yako, au ukigundua habari zako zimetolewa kwa watu wa nje, peleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo yapaswa kuyachunguza na kuyamaliza katika siku 90. Malalamiko ya kunyimwa habari na afisi ya umma hupelekwa pia kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Kokote uendako, beba nakala ya ile barua yako ya kwanza, na uhakikishe imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa siku za kujibu ombi lako huanza kuhesabiwa kutoka kwa muhuri huo.