Utumwa wa Kale na Utumwa wa Mashamba ya Ng'ambo ya Atlantiki

Asili ya neno "mtumwa" ni kutuma: ni mtu atumwaye na mwenziwe. Neno hilo moja twalitumia kwa watumwa wa nchi zote na nyakati zote, hata msomaji aweza kudhani kwamba hali yao ilikuwa moja. Sivyo.

Lakini tusiusifu utumwa wa kale. Watumwa wa Warumi walikufa machimboni kwa wingi. Na watumwa walioondoa udongo wa chumvi karibu na Basra, walioitwa Wazanji, waliasi mwaka 869, wakapigana hata mwaka 883. Ukatili, basi, haukuanzia Atlantiki.

Tofauti kubwa ilikuwa katika mlango wa kutokea. Kwa Warumi mtumwa aliweza kuwa Mgiriki, Msiria au Mwafrika. Rangi haikuwa alama ya utumwa. Aliyeachwa huru kwa sheria na bwana aliye raia, naye alikuwa raia. Kwa Waasante wa Afrika ya Magharibi mtumwa aliweza kuoa na kuwa na mali, na mara nyingi wazao wake waliingia katika ukoo wa bwana wake. Tena ilikuwa mwiko kutangaza asili ya mtu.

Katika makoloni ya Waingereza huko Amerika mlango huo ulizibwa. Tangu miaka ya 1640 kisiwa cha Barbados kililima miwa kwa soko la Ulaya. Muwa uliokatwa haungoji, hukamuliwa upesi usije ukachacha. Basi watu walifanyishwa kazi kwa vikosi, mchana shambani, usiku kinuni. Sheria zikafuata faida. Mwaka 1667 Virginia iliamuru kwamba ubatizo haumpi mtumwa uhuru. Mwaka 1691 ikaamuru kwamba amwachaye mtumwa huru agharimie kumtoa katika nchi. Hivyo weusi wa ngozi ukafanywa ushahidi wa utumwa.

Kati ya karne ya 16 na ya 19, Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa merikebuni. Karibu milioni 2 walifia baharini.

Marekani ilikomesha utumwa mwaka 1865. Sheria ilifutwa, alama ikabaki. Mjukuu wa mtumwa wa Rumi alipita njiani asitambulikane; mjukuu wa mtumwa wa Virginia alijulikana kwa rangi yake, akahukumiwa kwayo, ingawa babu yake alikwisha kuwa huru.