Maganda ya embe yana nafasi katika chakula cha samaki, ila si nafasi ya omena

Msimu wa maembe unapokolea Ukambani, kati ya Desemba na Machi, kiwanda cha kaunti ya Makueni kilichoko Kalamba hununua matunda ya wakulima na kuyageuza kuwa rojo la kutengenezea sharubati. Kiwanda chochote cha aina hiyo hubaki na maganda na kokwa, na katika embe hivyo viwili huweza kuwa thuluthi moja ya uzani wa tunda, au hata kupita nusu, kutegemea aina. Mabaki hayo yakilala siku mbili tu kwenye joto la Makueni, huchacha, hunuka na kuita nzi.

Wafugaji wa samaki nao wana kilio chao: bei ya chakula. Mwaka wa 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita 300 mraba. Vifaranga walitolewa, watu wakahamasika, kisha vidimbwi vingi vikaachwa vimee nyasi. Sababu zilikuwa kadhaa, na mojawapo kubwa ilikuwa lishe. Katika ufugaji wa kisasa, chakula hula zaidi ya nusu ya gharama zote, na kiungo chake ghali ni protini, ambayo hapa kwetu hutoka sana kwa omena, samaki yule yule anayegombewa na kuku na sufuria za nyumbani.

Ndipo linapoingia wazo la kuwalisha samaki mabaki ya matunda. Ni wazo zuri, mradi ijulikane wazi mabaki hayo yanachukua nafasi ya kitu gani.

Maganda ya embe yakikaushwa na kusagwa huwa na sukari, nyuzinyuzi na protini kidogo mno. Tuchukue mfano wa mfugaji anayejichanganyia chakula nyumbani. Anataka kilo 100 zenye protini asilimia 30, kiwango kinachowafaa ngege wanaonenepeshwa. Ana omena iliyosagwa yenye protini asilimia 55 hivi, na pumba za ngano zenye asilimia 15. Atahitaji kilo 37.5 za omena na kilo 62.5 za pumba. Sasa aondoe kilo 10 za pumba, atie kilo 10 za unga wa maganda wenye protini asilimia 5. Mchanganyiko unashuka hadi asilimia 29, pengo dogo la kuzibika kwa urahisi. Lakini akishawishika kuweka maganda hayo mahali pa kilo 10 za omena badala ya pumba, kwa kuwa ndiyo inayomuumiza mfukoni, protini inaporomoka hadi asilimia 25. Samaki watashiba bila kukua inavyopasa, na pesa alizookoa dukani atazitoa kwa wiki za ziada za kulisha.

Kwa hivyo ganda ni mbadala wa pumba. Ngege hulimudu jambo hilo kwa sababu ni mla mwani mwenye utumbo mrefu uliojikunja, unaosaga wanga vizuri. Kambare, mwenye hamu ya nyama, huhitaji protini zaidi, na kwake nafasi ya maganda ni finyu.

Kokwa lina mali zaidi. Kiini chake kikikauka, zaidi ya nusu yake ni wanga, na mafuta hukaribia sehemu moja kwa kumi. Kikwazo ni tanini, kemikali inayokipa kiini ukali na kuzuia mwili wa samaki kunufaika na protini. Kuloweka na kuchemsha kabla ya kuanika huipunguza. Hata hivyo, kupasua kokwa kwa panga mchana kutwa ni kazi ya sulubu, na kazi hiyo lazima ihesabiwe katika gharama.

Kuna pia matumizi ya kiasi kidogo, kwa ajili ya afya badala ya shibe. Nchini Thailand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiang Mai wamewalisha ngege pektini, aina ya nyuzinyuzi iliyotolewa kwenye maganda ya machungwa, pamoja na bakteria wa manufaa, na kuona samaki wakikua vizuri zaidi na kinga yao ikiimarika. Kipimo kilichofaa kilikuwa gramu 10 tu za pektini kwa kila kilo ya chakula.

Shida kubwa kuliko zote ni maji. Kilo 100 za maganda mabichi zikikauka hubaki kilo 20 hadi 25. Wapo wanaokwepa kazi ya kuyakausha kwa kumwaga maganda mabichi kidimbwini. Ngege huyadonoa kidogo, mengine yakazama na kuoza, na bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni ile ile ya samaki. Alfajiri, kabla jua halijaamsha mwani utoe oksijeni mpya, utaona midomo imejipanga juu ya maji ikitwetatweta. Mfugaji akichelewa kubadilisha maji, ataokota mizoga.

Maganda yaoshwe kwanza, kwa sababu dawa zinazonyunyizwa dhidi ya nzi wa matunda hubaki juu ya ngozi ya tunda. Kisha yakatwe vipande vidogo, yaanikwe kwenye wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, na yageuzwegeuzwe hadi yakikunjwa yavunjike. Yenye ukungu yatupwe. Watu wa Ukambani hawahitaji kuelezwa madhara ya ukungu: mwaka wa 2004, aflatoksini, sumu ya ukungu, katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na Makueni na Kitui ziliumia zaidi.

Asiye na jua la kutosha ana njia nyingine: kuwapa nzi kazi. Viluwiluwi wa nzi mweusi askari hula matunda yakiwa mabichi na yenye majimaji, na katika muda wa wiki mbili hivi huwa tayari kuvunwa. Wakikaushwa, protini yao hukaribia asilimia 40. Taasisi ya wadudu ya ICIPE, Nairobi, imewafanyia utafiti kwa miaka mingi, na tangu 2017 Kenya ina kiwango rasmi cha ubora wa wadudu waliokaushwa kwa ajili ya lishe ya mifugo. Kupitia wadudu hao, ganda linaweza hatimaye kupunguza omena, jambo lisilowezekana likisagwa peke yake.

Kwa vikundi vya wafugaji, mazungumzo yaanze langoni mwa kiwanda kabla ya msimu: nani atabeba mabaki siku hiyo hiyo, na yataanikwa wapi. Baada ya hapo wapige hesabu ya usafiri, vibarua na kusaga. Kilo moja ya unga wa maganda ikiwagharimu zaidi ya kilo ya pumba za ngano, waache maganda wanunue pumba.