Je, Wajua? Watalii Hulipa Ili Kufyatua Risasi

Sheria ya Japani ya mwaka 1958 haimruhusu raia wa kawaida kumiliki bastola. Ndiyo maana Wajapani wengi wakienda mapumzikoni Guam au Waikiki, Hawaii, huingia kwenye kumbi za kulenga shabaha, wengine wakiishika bunduki kwa mara ya kwanza maishani.

Mgeni huvishwa miwani na vizuia kelele, kwani mlio wa bastola huvuka desibeli 140 na unaweza kuharibu masikio papo hapo. Mkufunzi humsimamia ubavuni.

Hatari nyingine haina kishindo. Kila mfyatuo huacha hewani vumbi la madini ya risasi, ambalo ni sumu, hasa kwa watoto. Ukumbi mzuri huwa na feni zinazosukuma hewa kuelekea kwenye shabaha, mbali na pua ya mlengaji, na mtu hunawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Baruti isiyoungua nayo hurundikana sakafuni. Isiposafishwa, cheche moja inatosha kuiwasha. Novemba 14, 2009, moto katika ukumbi wa aina hii mjini Busan, Korea Kusini, uliua watu 15. Kumi kati yao walikuwa watalii kutoka Japani.